UZI: Coffy (1973), nesi anawafuata wauza unga mpaka majumbani mwao, kwa bajeti ya kuungaunga

Mzee wa Picha

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikikaribia wikiendi lazima mtu aje humu kuomba picha kali yenye steringi wa kike, na majina anayopewa ni yale yale: majasusi wa gharama, wanaruka toka ghorofani nywele zimetulia, wanatua nguo haina hata vumbi. Leo nawashushia kitu tofauti. Inaitwa Coffy, ya mwaka 1973, imeandikwa na kuongozwa na Jack Hill, steringi ni Pam Grier. Ilipigwa kwa siku 18, bajeti kama dola 500,000, pesa ambayo hata kwa Hollywood ya wakati ule ilikuwa ndogo sana. Nitaeleza mpaka mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaiona na hataki kuharibiwa utamu, aitafute kwanza kisha arudi.

Coffy ni nesi, Mmarekani Mweusi. Mdogo wake, LuBelle, ameingizwa kwenye heroini angali mtoto na sasa yuko kituoni na waathirika wenzake. Picha inafunguka Coffy akijifanya teja aliye tayari kwa lolote ili apate kete. Muuza unga mmoja anaingia mtegoni, anampeleka kwake, na huko anakutana na shotgani usoni. Mwenzake analazimishwa kujidunga dozi itakayomuua.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike uzi huu. Coffy anatoka pale anakwenda kazini. Yuko chumba cha upasuaji, amevaa gauni na barakoa, anampa daktari vifaa, na mikono haitulii. Anaondolewa. Picha nyingi za kisasi zinaua mtu wa kwanza na kusonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Hii inatuonyesha muuaji ambaye ana zamu, amechoka, na kuua hakujamkaa sawa.

Ana rafiki yake askari, Carter, mtu safi asiyekula rushwa. Carter anamweleza kwamba kumuua muuza kete hakusaidii, kwa sababu yule ni pete moja tu kwenye mnyororo unaorudi nyuma mpaka kwa mkulima masikini Uturuki au Vietnam. Kumbukeni ni 1973. Uturuki ilikuwa imetoka kupiga marufuku kilimo cha afyuni kwa shinikizo la Marekani, na askari wa Kimarekani walikuwa wanarudi kutoka Vietnam na uraibu. Jack Hill aliliweka hilo kwenye maongezi ya sekunde chache, ndani ya picha ambayo wenye sinema waliiona ni ya kuuza tiketi tu.

Carter anakataa kuingizwa kwenye mlungula, anapigwa mpaka ubongo unaharibika. Kuanzia hapo Coffy hana wa kumtuliza.

Naendelea, msininukuu bado.

Mwana Sinza

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Mzee wa Picha

Sasa tuje kwenye mapigano, maana ndipo nilipo na hoja.

Dai langu ni hili: ukali wa picha hii umetokana na ufukara wake. Hapakuwa na pesa ya kulipua majengo wala ya kufanya mazoezi ya ngumi kwa miezi. Kwa hiyo Hill aliandika mapigano yanayotegemea vitu ambavyo mwanamke anakuwa navyo mwilini.

Angalieni. Coffy anajigeuza kuwa kahaba toka Jamaika ili aingie kwa King George, kuwadi anayesambaza unga. Kwenye sherehe wale wanawake wengine wanamvamia. Kabla ya hapo tumemwona akipanga nyembe ndani ya nywele zake za afro. Mmoja anazishika nywele avute, anatoa mkono unachuruzika damu. Hakuna kamera iliyozunguka wala mtu aliyeruka. Ni wembe, nywele na ukelele, lakini mkono wa mtazamaji mwenyewe unajikunja.

Pili, sukari. Akiwa nyumbani kwa King George anabadilisha unga wake na kuweka sukari. Unaliona, unalisahau. Baadaye anakamatwa na mabosi wa juu, wanaamua kumdunga dozi kubwa kisha wamtupe. Unga walionao ni ule ule uliotoka kwa King George. Wanamdunga sukari! Coffy anajilegeza, macho anayapindua, na wao wanajua kazi imekwisha.

Tatu, pini ya nywele. Akiwa amefungiwa anainoa kimya kimya. Omar, yule jambazi anayechezwa na Sid Haig, anapomkaribia akidhani amelewa, pini inaingia shingoni.

Jumlisheni gharama ya nyembe, sukari na pini. Kilichozifanya zifanye kazi ni kalamu: kila kimoja kimeonyeshwa mapema ili kije kulipa baadaye.

Kuna kifo kimoja lazima nikitaje peke yake, cha King George. Coffy amewaambia wazungu wa genge kwamba yeye ndiye aliyemtuma. Wanamchukua, wanamfunga kitanzi shingoni, wanamburuta nyuma ya gari. Huyu ni mtu mwovu, amewaharibu wasichana wengi, na dakika tano kabla ulikuwa unatamani afe. Halafu unamwona mtu Mweusi kwenye kamba ya wazungu, na kila mtazamaji Mweusi wa Marekani wa mwaka ule alijua hasa anaangalia nini. Coffy ndiye aliyesababisha. Picha haikupi nafasi ya kushangilia. Nimeiona mara nyingi na pale huwa siwezi kusema neno.

Nesi wa Zamu

Mzee wa Picha, shikamoo.

Mimi ni nesi, naandika toka Mombasa, na uzi huu umenigusa. Niongezee upande wa kazi. Yule wa mwanzoni anayelazimishwa kujidunga: heroini nyingi inaua kwa kuzuia pumzi. Mtu anasinzia, pumzi inapungua mpaka inakoma. Dawa ya kumrudisha, naloxone, ilikuwa imeshaidhinishwa Marekani mwaka 1971, kwa hiyo nesi wa chumba cha upasuaji mwaka 1973 alijua vizuri sana anachokifanya na alijua angeweza kukizuia. Hilo linafanya kipande kile kiwe kizito zaidi kwangu. Anayeua pale ni mtu aliyefunzwa kuokoa.

Kuhusu sukari, ni kweli haitamlewesha mtu. Kudungwa kitu kichafu kwenye mshipa ni hatari kwa namna yake, jipu na maambukizi ya damu, ila kwa saa ile moja angeweza kusimama na kupigana.

Na kwa sisi wa pwani hii si hadithi ya mbali. Huku unga tumeuona ukiingia mitaani na kubeba vijana wa nyumba zetu. Mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, nimeshamshika mikono akitetemeka. Nikimwona Coffy anamtazama mdogo wake pale kituoni, namwelewa kabla hajasema lolote. Bara kule Tanzania mlianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, Muhimbili mwaka 2011, na huku kwetu nayo ilikuja baadaye. Nilipokuwa naiangalia nilikuwa nawaza kwamba LuBelle wa leo angekuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi kunywa dawa yake. Mwaka 1973 methadoni ilikuwepo Marekani, lakini picha haigusi kabisa njia hiyo. Dada mtu ameshaona mlango mmoja tu, wa bunduki.

Mzee wa Picha

Marahaba mwanangu. Ahsante sana kwa hili la naloxone, limenipa jicho jipya kwenye kipande nilichodhani nimekimaliza.

Watu wameniuliza kwa ujumbe wa pembeni ilikuwaje kampuni ikampa mwanamke Mweusi usteringi wa picha ya bunduki mwaka 1973. Jibu ni kisasi cha biashara. American International Pictures, AIP, kampuni ya picha za bei ndogo, ilikuwa inaitaka Cleopatra Jones, hadithi ya wakala wa serikali mwanamke Mweusi. Ikachukuliwa na Warner Bros. Wakubwa wa AIP wakakasirika, wakamwambia Hill awaandikie ya kwao haraka, itoke kabla. Ikatoka kabla kweli, na ikaleta faida nzuri.

Ukizilinganisha utaona tofauti ya mifuko imezaa wanawake wawili tofauti. Cleopatra ana serikali nyuma yake, manyoya, gari la kifahari lenye silaha. Coffy ni nesi tu. Serikali haiko nyuma yake, iko mbele yake: askari wanaokula na genge, na mwanasiasa anayelikingia kifua.

Pam Grier mwenyewe alitokea chini. Amezaliwa 1949 Winston-Salem, North Carolina, na alikuwa akipokea simu ofisini AIP kabla ya Jack Hill kumchukua kwenda Ufilipino kucheza picha za magereza ya wanawake kwa ajili ya Roger Corman, mtayarishaji wa picha za bei ndogo. Kule kulikuwa na joto, matope na bei rahisi ya kila kitu. Ndipo alipojifunza kazi, pamoja na huyo huyo Sid Haig. Kwa hiyo wanapokabana kwenye Coffy unaona watu wanaoaminiana miili yao.

Na vile vipande vya hatari asivyocheza mwenyewe, kwenye picha zake za miaka ile alikuwa akichezewa na Jadie David, mmoja wa wanawake Weusi wa kwanza kufanya kazi hiyo Hollywood. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kumpaka mzungu rangi nyeusi aruke badala ya mwigizaji Mweusi. Weusi wenyewe ikabidi waunde chama chao Los Angeles, Black Stuntmen's Association, mwaka 1967, ili wapate hiyo kazi.

Binti Makorora

Mzee wangu nakuheshimu, lakini umezunguka kitu kimoja na lazima mtu akitaje. Nguo. Huyu dada anavuliwa mara ngapi kwenye picha hii? Kila akimwendea adui lazima apitie kitandani kwanza, na hiyo sherehe unayoisifia kwa nyembe, wanawake wanachaniana magauni mpaka vifua viko nje. Huo si ufukara wa bajeti. Kifua cha mwanamke ndicho kilikuwa bajeti yenyewe.

Unasema silaha zake ni vitu anavyokuwa navyo mwilini. Sawa. Basi tuseme ukweli kwamba silaha ya kwanza kuorodheshwa na mwandishi ilikuwa mwili wake, nyembe zikafuata. Nimeiangalia na mdogo wangu wa kike na mara mbili nilitaka kuizima.

Na si mimi wa kwanza. Mwaka 1972, kabla hata hii haijatoka, NAACP, CORE na SCLC, mashirika ya kutetea haki za Weusi Marekani, waliungana kupinga aina hii ya picha, wakisema zinawajaza watoto Weusi makuwadi na wauza unga kama mfano wa maisha. Watu wale walikuwa wamefungwa jela wakidai haki. Hatuwezi kuwapita kama hawakusema kitu.

Kamera Begani

Dada umeongea. Ila na mimi naomba nafasi, maana napiga picha hapa Dar kwa pesa ya mfukoni na nimekuja kujifunza.

Aliyeshika kamera kwenye Coffy ni Paul Lohmann, ambaye baadaye alimpigia mwongozaji Robert Altman picha kubwa ya Nashville mwaka 1975. Kwa hiyo ufukara haukuwa kwenye jicho. Mkanda wa rangi wa Kodak uliokuwa ukitumika zaidi Hollywood miaka ile ulikuwa wa ASA 100 (kipimo cha jinsi mkanda unavyonasa mwanga), mzito mno kwa giza. Ukitaka usiku uonekane lazima ubebe taa, na taa ina watu, ina muda, ina jenereta. Ukibanwa na siku 18 huwezi kuwasha nyumba nzima, unawasha kona moja na kumweka mtu hapo. Nikiangalia vyumba vya picha hii naona hivyo: rangi kali, ukuta karibu, mtu amebanwa. Leo kamera ndogo niliyonayo inaona gizani kuliko zile za kwao zote, na bado vipande vyetu vya usiku havitishi. Sisi tunawasha kila kitu ili gauni la steringi lionekane.

Swali langu kwa Mzee: ukipewa leo bajeti ya Bongo, milioni chache, steringi wa kike, ungeanza na nini?

Mzee wa Picha

Nianze na Binti Makorora kwa sababu ndiye mwenye jambo zito.

Sikupingi kuhusu vifua. AIP ilikuwa inauza picha kwenye sinema za magari, zile za uwanjani watu wanatazama wakiwa garini, na sinema za katikati ya miji, na uchi ulikuwa sehemu ya oda, kama damu ilivyokuwa sehemu ya oda. Kipande cha sherehe kimenyooshwa kupita mahitaji ya hadithi na mtu yeyote anaona. Ninachokataa ni kwamba picha yote imekwisha hapo. Mwanamke huyu ndiye anayeamua kila hatua ya hadithi. Hakuna mwanaume anayekuja kumwokoa. Carter alijaribu, akaishia kitandani hospitali. Mwezi Agosti 1975 jarida la wanawake la Ms. lilimweka Pam Grier kwenye jalada, na wale wanawake walikuwa wameshaziona picha zake zote, na uchi wake wote. Waliona pia mtu anayeamua.

Na wale wa NAACP, naomba uangalie mwisho wa picha kabla hatujahukumu. Mpenzi wa Coffy ni Howard Brunswick, diwani Mweusi anayegombea kwenda bungeni. Jukwaani anahubiri ukombozi wa watu wake. Chumbani na genge anagawana faida, na alipoulizwa kuhusu Coffy mbele ya wale wazungu, alimkana. Coffy anamfuata nyumbani kwake ufukweni na shotgani. Howard anaanza kuongea. Ana maneno matamu, anazungumzia mipango mikubwa, anazungumzia watu wetu, na ninyi mnaomwangalia mnaona mtutu unashuka taratibu. Anakaribia kumsamehe! Kisha mlango wa chumbani unafunguliwa, anatoka mwanamke wa kizungu. Coffy anafyatua, na hampigi kifuani.

Hiyo ndiyo picha iliyoshutumiwa kuwatukuza wauza unga. Mimi naona imewavua nguo kuliko hotuba nyingi, na imemvua na yule anayesimama jukwaani akijifanya mtetezi.

Kamera Begani, ningeanza na kazi yake. Steringi wako anafanya kazi gani saa mbili asubuhi? Kama ni fundi cherehani, mkasi na pasi ya mkaa ninavyo tayari. Kama ni mama wa samaki Feri, ana kisu cha kuparia na anajua kila boti inayoingia na iliyobeba nini. Bongo tumezoea kumpa steringi bastola ya kukodi ambayo hata mlio wake tunauweka baadaye kwenye kompyuta, halafu mtazamaji hajui huyu mtu anakula wapi. Na aumie. Enzi za vibanda umiza tulikuwa tunapiga kelele kwamba steringi hafi, sawa, asife, lakini achechemee mpaka mwisho kama aligongwa mguu mwanzoni. Hilo halina gharama yoyote.

Nesi wa Zamu

Kwenye mwisho naomba tutofautiane kidogo, Mzee. Wewe unasema alikaribia kumsamehe, kisha wivu ukafyatua. Mimi sioni wivu. Kwa muda wote ule Howard alikuwa anatumia maneno yale yale aliyoyatumia jukwaani, na Coffy alikuwa anachoka, kama mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo ambaye angekubali lolote alale. Yule mwanamke alipotoka chumbani, uongo wa Howard ukapata uso. Ndiyo maana haulizi swali lolote.

Binti Makorora

Da' Nesi, hilo nalikubali kuliko la Mzee.

Ila kuhusu jalada la jarida sijashawishika. Kumpongeza dada aliyefika juu ni jambo moja, kuisifia ngazi aliyopandishiwa ni jambo lingine. Ningependa kuona Pam Grier yule yule, nyembe zile zile, na hati ile ile, bila mtu wa sinema za magari kudai chake. Mwaka 1997 mwongozaji Quentin Tarantino alipomwandikia picha ya Jackie Brown, akiwa na miaka arobaini na kitu, mhudumu wa ndege aliyechoka na mwenye akili, hakuvuliwa nguo hata mara moja na aliwashinda wote chumbani. Hiyo ndiyo ninayomwonyesha mdogo wangu.

Mwana Sinza

Na Foxy Brown, ile picha nyingine ya Pam Grier, vipi wakuu? Kuna jamaa kaniambia ni sehemu ya pili ya hii.

Mzee wa Picha

Ilitakiwa kuwa hivyo. Hill aliiandika kama muendelezo na jina lake lilikuwa Burn, Coffy, Burn! AIP wakabadili mawazo dakika za mwisho, hawakutaka muendelezo, jina likawa Foxy Brown na ikatoka 1974. Kwa kuwa hawakuweza kumwita nesi tena, na hawakumpa kazi nyingine, utaitazama mpaka mwisho bila kujua Foxy anaishi kwa kazi gani. Nguo zake ni nzuri zaidi na maneno yake ni makali zaidi, watu wengi wanaipenda kuliko hii, na muziki wake mtamu. Lakini mimi kile chumba cha upasuaji nakikosa kila nikiiangalia. Anza na ya 1973.